NASAHA KWA WENYE KUUZIANA MASHUA ZA MASHINDANO

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeitiisha bahari ikachukua vyombo kwa amri yake, na akawaneemesha waja wake kwa upepo ambao hapana fundi awezaye kuufanya wala nahodha awezaye kuuamuru. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, mkweli, mwaminifu, aliyefanya biashara kabla ya kupewa utume wala hapana aliyemnena kwa hiana. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, watu wa pwani hupenda mashindano ya vyombo vya tanga, nao wameyarithi mapenzi hayo kwa baba zao. Katika Lamu, siku za Maulidi ya Mfungo Sita, watu husimama pwani makundi kwa makundi kutazama mashua zikishindana, na kila chombo kina jina lake na watu wake. Na mashindano yakiisha, soko hufunguka. Mwenye kushinda hutakwa auze, mwenye kushindwa hutaka kuuza, na kijana aliyekuwa akitazama hurejea nyumbani akihesabu fedha zake. Hapo ndipo deni la akhera huingia, wala watu hawalioni, kwa kuwa macho yao yako juu ya tanga.

Basi yafuatayo ni maelezo ya hukumu za kuuza na kununua mashua kuukuu ya mashindano, kwa madhehebu ya Imam Shafi'i (r.a.). Na shina la maelezo yote ni swali moja, ambalo sahaba mmoja wa Mtume alimkimbilia mnunuzi njiani ili amwulize. Swali hilo litatajwa mahali pake, inshallah.

MFANO WA WATU WATATU

Na upigwe mfano. Mtu mmoja ana mashua ya mashindano. Mbao zake ni nyembamba, umbo lake limechongoka, na tanga lake ni kubwa kuliko kiasi cha chombo cha kazi. Miaka miwili imeshinda, hata watoto wa mjini walijua jina lake. Mwaka wa tatu ikapandishwa pwani ili ichomwe makuti na kupakwa deheni. Fundi akagonga mkuku kwa nyundo, akasikia sauti isiyokuwa ya mti mzima. Akatia ncha ya kisu, kisu kikaingia kama kinavyoingia katika ndizi mbivu. Wadudu wa baharini wameula mti kwa ndani, kiasi cha dhiraa moja, hapo hapo mlingoti unapokanyaga. Na kwa nje hapaonekani ila vitundu mfano wa tundu za sindano.

Kubadili mkuku ni kazi ya fedha nyingi. Mwenye mashua akasema, "Ziba." Fundi akaziba kwa kipande cha mti na kalafati, kisha akapaka rangi, ikawa haionekani kitu. Na alipokuwa akipokea ujira wake mwenyewe akamwambia, "Haya yamekwisha baina yangu na wewe."

Hazikupita wiki tatu akaja kijana. Yeye na ndugu zake wawili wamekusanya fedha kwa uvuvi wa misimu mitatu, na juu yake mama yao ameuza mkufu wake. Akatoa salamu, akakaa kwa adabu, akasema, "Ami, nimesikia wauza. Je, ina ila yo yote?"

Mwenye mashua akacheka, akamwambia, "Mwanangu, chombo hiki hukijui? Uliza mji mzima."

Neno hili si uongo. Wala si jawabu. Na fundi alikuwa amekaa kivulini karibu nao, akisokota pamba ya kalafati. Akasikia alilouliza kijana na alilojibiwa, akainama juu ya kazi yake. Wawili wale wakapeana mikono na fedha zikahesabiwa. Kisha ikaadhiniwa Alasiri, wakaenda msikitini, na wote watatu wakasimama safu moja.

Basi ni nani kati ya watu hawa aliyetoka katika dhima yake? Jawabu litabainika kwa kuzitazama hukumu moja baada ya moja.

FASILI YA KWANZA: KATIKA MASHINDANO NA SIFA YA CHOMBO

Fahamu ya kuwa kushindana kwenyewe si haramu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Ibn Umar (r.a.) ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyizwa mazoezi kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiofanyizwa mazoezi kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Basi mwenye kushindana baharini kwa kuufanyiza mwili wake na kuujua upepo, bila ya kuacha sala na bila ya kutukana watu, hana lawama.

Ama mali ya kushindania, jambo hilo lina mipaka. Hadithi imeihusu mali hiyo na ngamia, na wanyama wenye kwato, na mishale. Juu ya vyombo vya baharini wanavyuoni wa madhehebu wamekhitalifiana, na kauli yenye nguvu ni kuzuia. Na ikiwa kila mwenye mashua ataweka fedha zake, kisha mshindi azichukue zote, hiyo ni kamari, nayo imekatazwa katika Suratul Maida pamoja na ulevi. Kwa hivyo muuzaji asemaye, "Chombo hiki kitakurudishia fedha zako kwa mashindano," huwa amepandisha bei kwa kitu ambacho pengine hakina uhalali, na huwa amemwahidi mtu upepo asioumiliki.

Tena sifa ya chombo haidumu. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia wake jina lake Adhbaa, asiyepata kushindwa. Akaja Mwarabu wa jangwani juu ya ngamia wake kijana, akamshinda. Masahaba wakaona uzito mioyoni mwao, na Mtume akawajulisha ya kuwa ni haki juu ya Mwenyiezi Mungu kwamba hakiinuki kitu katika dunia ila hukishusha. Ikiwa ngamia wa Mtume alishindwa na sifa yake ikafika mwisho, ni mashua gani itakayoshinda daima? Muuzaji mwenye kuuza jina la ushindi wa mwaka jana auza kitu kilichokwisha pita. Kilichobaki mkononi mwake ni mbao, na misumari, na mlingoti, na tanga. Na hivyo ndivyo vinavyotakiwa kusemwa kwa ukweli.

FASILI YA PILI: KATIKA MAANA YA ILA

Imepokewa na Muslim kwa Abu Huraira (r.a.) ya kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umaji. Akamwuliza mwenyewe, naye akasema kuwa kimepatwa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka kile chenye maji juu ili watu wakione. Kisha akasema ya kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Na tazama ya kuwa mtu yule hakusema uongo. Mvua haikuwa kosa lake, wala hakuulizwa na mnunuzi akakana. Kosa lake lilikuwa kukiweka kikavu juu na kibichi chini. Na rangi juu ya mkuku uliooza ni kikavu juu ya kibichi.

Wanavyuoni wetu, naye ni Imam Nawawi katika Minhaj, wameipa ila mpaka wake. Ila ni kila kipunguzacho kitu chenyewe au thamani yake, upunguo wenye kumkosesha mtu makusudio sahihi, ikiwa desturi ya jinsi ya kitu kile ni kusalimika nacho. Katika maneno haya mna mambo mawili ya kuangaliwa na watu wa vyombo.

La kwanza ni desturi ya jinsi yake. Mashua kuukuu haiuzwi kwa hukumu ya mashua mpya. Mbao zilizokaa juani zikavuja siku ya kwanza ya kushushwa, kisha zikavimba na kuziba, hiyo ni desturi ya mti, wala haihesabiwi ila. Rangi iliyopauka na kamba iliyochakaa huonekana na kila mwenye macho. Lakini mkuku ulioliwa, au mataruma yaliyokatika yakafunikwa na ubao, au foromali iliyovunjika ikaungwa kisha ikafungwa kamba juu ili pasionekane, hayo si desturi. Mwenye kununua hutumaini kusalimika nayo.

La pili ni makusudio, na hapa ndipo penye lile swali. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya ya kwamba Wathila bin al-Asqaa (r.a.) alikuwa amesimama sokoni, na mtu akauza ngamia jike kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa ameghafilika, na mnunuzi akaondoka naye. Alipozindukana akamkimbilia nyuma akimwita, akamwuliza: amemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Mnunuzi akasema kuwa ni kwa kupanda. Wathila akamwambia kuwa katika unyayo wa mnyama yule mna tundu aliyoiona yeye mwenyewe, na kwamba hataweza mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akarejea ili amrudishe, na mwenye ngamia akapunguza dirhamu 100. Kisha akamwambia Wathila ya kuwa amemharibia biashara yake. Wathila akajibu ya kuwa wao walimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumpa nasaha kila Mwislamu, na akapokea kwake ya kwamba si halali kwa mtu kuuza kitu ila abainishe kilichomo, wala si halali kwa ajuaye jambo hilo ila alibainishe.

Basi swali ni hilo: kwa kazi gani? Tundu ya unyayo haimdhuru mwenye kutaka nyama, nayo ni hasara kubwa kwa msafiri. Na mashua ni kama hivyo. Mkuku wenye udhaifu pengine utachukua miaka katika chombo cha kupakia mchanga na mawe, chenye tanga dogo, kiendacho taratibu na upepo wa nyuma. Lakini mashua ya mashindano hupandishiwa tanga kuliko kiasi chake, ikaelekezwa joshi, watu wakatoka nje juu ya ubao kuulalia upepo, na mlingoti ukasukuma mkuku kwa nguvu zote. Nayo imejengwa nyembamba, haina ziada ya mti wa kustahimili. Ila iliyo ndogo kwa chombo cha kazi huwa kubwa kwa chombo cha mashindano, na pengine huwa ni roho ya mtu. Kwa hivyo muuzaji asiseme, "Ni kitu kidogo," mpaka ajue mnunuzi aitakia nini.

FASILI YA TATU: KATIKA KUPAMBA CHOMBO ILI KIUZIKE

Mtume (s.a.w.) amekataza kuyafunga matiti ya ngamia na kondoo siku kadha bila ya kukama, ili mnunuzi ayaone yamejaa adhani kuwa maziwa ni mengi. Na aliyemnunua mnyama huyo ana khiyari baada ya kumkama: akitaka atamweka, na akitaka atamrejesha pamoja na pishi ya tende. Na wanavyuoni wetu wamekiasi juu ya hayo mfano wa mwenye kinu cha maji anayeyazuia maji yake, na wakati wa kuuza huyafungulia ili yaje kwa nguvu na kinu kionekane chepesi. Wamesema mnunuzi ana khiyari hapo pia.

Na mashua ina matiti yake ya kufungwa. Mtu huazima tanga jipya la mwenziwe kwa siku ya majaribio, na mnunuzi akiisha toa fedha hupewa tanga kuukuu. Mwingine huwapandisha mabaharia walio bora wa mjini, na nahodha asiyekuwa wake, ili chombo kishinde mbele ya mnunuzi. Mwingine hutuma mtu alfajiri akafue maji yote ya ngama kabla ya mnunuzi kuamka, ili akija akute pakavu. Na mwingine humweka binamu yake asimame pwani na kutaja bei kubwa naye hataki kununua, ili kijana aone kuwa chombo kinagombewa. Hili la mwisho lina jina lake katika sharia, ni najashi, na Mtume amelikataza. Yote haya ni ghushi.

Wala mnunuzi asijione yu salama. Nabii Shu'aib (a.s.) aliwaonya kaumu yake wasiwapunguzie watu vitu vyao. Basi yule awatumaye rafiki zake wakaeneze mjini ya kuwa mashua ya fulani imeoza, nayo haikuoza, ili bei ishuke akainunue, amemwibia mwenziwe pasipo kutia mkono mfukoni mwake.

FASILI YA NNE: KATIKA NENO "NAKUUZIA KAMA ILIVYO"

Watu wengi hudhani wamepata mlango wa kutokea. Husema, "Nakuuzia kama ilivyo, ukute mzima ukute mbovu," au husema, "Mimi nimekuuzia kuni." Mnunuzi kwa haya yake hukubali, na muuzaji hulala usingizi.

Lakini kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ni kuwa sharti la kujitoa katika ila zote halimtoi muuzaji ila katika jambo moja: ila ya ndani ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni kuwa mnyama hula na hukua na hubadilika, na maradhi yake hujificha hata kwa mwenyewe. Ama nguo, na nyumba, na chombo cha baharini, havimo katika ruhusa hiyo. Akiwa ameijua ila akanyamaza, neno "kama ilivyo" halimwokoi. Na hata akiwa hakuijua, mnunuzi ana haki yake ya kurejesha. Tofauti ni kuwa asiyejua hana dhambi, na aliyejua ana dhambi.

Njia ya salama ni nyepesi kuliko hila hizo. Muuzaji amwambie, "Mkuku umeliwa hapa, umezibwa mwezi fulani, fundi ni fulani, mwulize." Mnunuzi akikubali baada ya kuonyeshwa, biashara imekwisha wala hana khiyari kwa ila hiyo tena. Neno moja la kweli limefanya kazi ambayo masharti kumi hayakuweza.

FASILI YA TANO: KATIKA WAJIBU WA MNUNUZI NA HAKI ZAKE

Kwanza, aone. Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ni kuwa kununua kitu maalumu kisichopata kuonekana hakusihi. Na wanavyuoni wa baadaye wamebainisha ya kuwa katika chombo yapasa kuonekana chote, hata sehemu yake iliyo ndani ya maji. Basi mwenye kununua mashua inayoelea, au kwa picha tu aliyoletewa kutoka mji mwingine, hakuona alichonunua, ameona rangi. Ipandishwe pwani. Agonge mkuku na mbao kwa nyundo asikilize sauti. Atazame chini ya ngama, na mguu wa mlingoti, na misumari kama imekula kutu, na fashini mahali usukani unaposhikwa. Akiwa hajui, amchukue ajuaye.

Pili, ajiwekee sharti la khiyari. Sharia imemruhusu kusema, "Nimenunua kwa khiyari ya siku tatu," wala haizidi siku tatu katika madhehebu yetu. Katika siku hizo aishushe, aipandishie tanga, aijaribu joshi na demani, alaze maji ndani usiku aone asubuhi yamezidi kiasi gani. Ikimridhi, ataithibitisha, isipomridhi, atairejesha bila ya ugomvi.

Tatu, akigundua ila ya zamani asikawie. Haki ya kurejesha kwa ila ni ya papo hapo kwa kadiri ya desturi. Akijua naye yu katika sala au anakula, atamaliza. Akijua usiku, atangoja asubuhi. Lakini asiseme, "Nitairejesha baada ya mashindano ya Ijumaa." Kuitumia baada ya kujua ni kuridhika nayo, na haki yake huanguka. Hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza mali zao. Hugundua Alhamisi ya kuwa chombo kimeoza, na moyo ukawavuta washindane mara moja tu. Wakashindana, na tangu hapo hawana neno mbele ya kadhi. Tena wamezihatirisha roho zao na za wenzao kwa chombo wanachokijua.

Nne, ikiwa haiwezekani kuirejesha, kama kwamba imevunjika katika mawimbi kisha ndipo akajua kuwa mkuku ulikuwa umeliwa tangu mwanzo, atapata arshi, yaani fidia ya upungufu. Hesabu yake ni kama hivi. Ikiwa thamani ya mashua ile nzima ingalikuwa shilingi 500,000, na thamani yake pamoja na ila ni shilingi 400,000, upungufu ni sehemu moja katika tano. Basi atarejeshewa sehemu moja katika tano ya bei aliyotoa. Akiwa alitoa 450,000 atarejeshewa 90,000. Na ikiwa mashua ipo lakini imepatwa na ila mpya mikononi mwake, kama kuvunja mlingoti, hawezi kumlazimisha muuzaji kuipokea hivyo. Watapatana: ama arejeshe pamoja na fidia ya mlingoti, ama abaki nayo na apewe arshi ya ila ya zamani.

FASILI YA SITA: KATIKA AJUAYE AKANYAMAZA

Sasa na turejee kwa wale watatu waliosimama safu moja.

Kijana hana dhambi. Aliuliza kwa adabu, na kosa lake ni kuwa alipoambiwa aulize mji, hakumwuliza fundi aliyekuwa hatua tano mbele yake. Mji huijua sifa ya mashua, na fundi ndiye aujuaye mkuku wake.

Mwenye mashua ameuza, na uuzaji wake umesihi kwa dhahiri yake, lakini amekula mali yenye ghushi. Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) ya kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao; na wakificha na wakasema uongo, baraka ya biashara yao hufutwa. Na jawabu lake la "Uliza mji mzima" limekusanya kuficha na kudanganya, ijapokuwa ulimi wake haukutamka uongo. Deni hili haliondoki kwa kutoa sadaka, wala kwa kulisha watu siku ya Maulidi. Huondoka kwa kumwendea kijana na kumwambia.

Ama fundi, huyu ndiye ajidhaniaye kuwa hayumo. Hakuuza wala hakununua, na siri si yake. Tena ana hoja nzito: akisema, hatapewa kazi tena na mtu yule, na pengine na wengine, na watoto wake hula kwa nyundo yake. Lakini Wathila naye hakuwa muuzaji, na alisema mbele ya muuzaji, na aliambiwa ameharibu biashara. Wajibu wa kubainisha uko juu ya kila ajuaye, awe jirani, awe dalali, awe fundi. Siri ihifadhiwayo ni aibu ya mtu isiyomdhuru mwingine. Mkuku ulioliwa chini ya miguu ya ndugu watatu si siri ya mtu mmoja.

Basi baada ya salamu ya Alasiri fundi yule hakuondoka. Alibaki akivuta tasbihi mpaka kijana alipovaa viatu vyake mlangoni. Akamfuata, akamshika mkono, akamwuliza, "Mwanangu, mashua ile umeinunua kwa kazi gani?"

Kijana akasema, "Ya mashindano, mzee wangu. Na ndugu zangu ndio mabaharia."

Fundi akasema, "Basi nenda karudi kwa mwenyewe sasa hivi, kabla hamjaishusha majini. Mwambie akuonyeshe penye mguu wa mlingoti. Nami nitakuja nawe, kwa kuwa nimepaziba kwa mkono wangu."

Wakaenda. Mwenye mashua alipowaona wawili pamoja akafahamu. Akakasirika kwanza, akamtazama fundi kwa jicho baya, akasema maneno yasemwayo na mtu aliyefedheheka. Kisha akanyamaza kitambo. Fedha zilikuwa bado katika kitambaa cha kijana, na fundo lilikuwa lile lile alilolifunga mama yake. Akamtupia kijana kitambaa chake, akasema, "Chukua. Na ukitaka chombo cha kuchukulia mchanga, njoo kesho, nitakupa bei yake."

Hapana ajuaye kama kijana alikwenda kesho yake. Wala fundi hakupewa kazi na mtu yule msimu ule.

KHATIMA

Imam Ghazali ametaja ya kuwa lisilomwezesha mtu kubainisha ila ni kutokuyakinisha mambo mawili: ya kwamba kuficha hakuongezi riziki bali hufuta baraka yake, na ya kwamba faida ya akhera ni bora kuliko faida ya dunia. Tena akaeleza habari ya mtu aliyekuwa na ng'ombe, akimkama na kuchanganya maziwa kwa maji na kuyauza. Likaja furiko la maji likamchukua ng'ombe. Mmoja katika watoto wake akasema ya kuwa maji yale waliyoyatia kidogo kidogo katika maziwa yamekusanyika, yakaja mara moja, yakamchukua ng'ombe.

Watu wa pwani ndio wa kwanza kustahili kuifahamu habari hii, kwa kuwa maji ni jirani yao mchana na usiku. Kila tundu lizibwalo kwa rangi, maji yanalijua. Mnunuzi hudanganyika na fundi hunyamazishwa, nayo bahari haipokei rushwa, wala haisomi jina lililoandikwa ubavuni mwa chombo. Na Mola wa bahari ajua zaidi.

Basi mwenye kuuza mashua yake na abainishe, mwenye kununua na atazame, na mwenye kujua na aseme, kila mmoja kwa upole na kwa adabu. Na aliyekwisha kuuza zamani kwa kuficha, na aliyeuziwa yungali hai na mashua ingali majini, asingoje msimu mwingine.

Ewe Mwenyiezi Mungu, tubarikie katika riziki zetu, utuepushe na chumo la ghushi, utulindie ndugu zetu walio baharini usiku na mchana, na utujaalie kuwa miongoni mwa wakweli siku ambayo ukweli utawafaa wakweli. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amin.

Wallahu a'lam.